Kupima nitriki oksaidi kwenye pumzi: mwongozo kwa mwenye pumu na kwa anayempima

Ukifika kliniki ya kifua ukaambiwa upulize kimashine kidogo kilicho mezani, taratibu, kwa sekunde 10, kisha kikatoa namba, hicho ndicho kipimo cha FeNO. Kinasoma kiasi cha gesi ya nitriki oksaidi iliyomo kwenye pumzi unayoitoa. Mwongozo huu ni wa mgonjwa wa pumu au mzazi aliyetumwa kupima, na pia ni wa nesi au mtaalamu aliyekabidhiwa mashine na kijitabu chake akaambiwa aanze kazi.

Nauandika kwa sababu namba hii hutumika vibaya kwa njia mbili. Mgonjwa akiipata ya chini, anaacha dawa. Mtabibu akiipata ya juu, anaongeza dawa palepale bila kumwomba mgonjwa aonyeshe anavyoivuta hiyo aliyonayo. Njia zote mbili zinaumiza watu, na zote zinazuilika.

Kinachopimwa

Pumu ina mambo mawili yanayokwenda pamoja. Misuli inayozunguka mirija ya hewa inabana, ndipo kifua kinapiga mluzi na pumzi inakuwa fupi. Pamoja na hilo, utando wa ndani wa mirija umevimba, mara nyingi hata siku ambazo mtu anajisikia mzima kabisa. Spirometri, yaani kipimo cha kupuliza kwa nguvu kuona hewa inavyopita, na kile kibomba cha plastiki cha pikifulo, vinaona kubana. FeNO inaona kuvimba, tena aina moja ya kuvimba: ile inayoendana na mzio na chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili. Utando ukivimba kwa namna hiyo, seli zake hutengeneza nitriki oksaidi kwa wingi, nayo hutoka na pumzi.

Watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, ndio walioikuta gesi hii kwenye pumzi ya binadamu mwaka 1991, na mwaka 1993 ikaonyeshwa hukohuko Sweden kwamba wenye pumu huitoa kwa wingi kuliko wasio nayo. Kiasi chenyewe ni kidogo mno, hivyo huhesabiwa kwa sehemu katika bilioni, na mashine huandika ppb. Ukisoma 25, maana yake katika kila sehemu bilioni moja za pumzi, 25 ni nitriki oksaidi. Gesi hii ni tofauti na ile gesi ya ganzi ya chumba cha upasuaji, na hapa huvuti dawa yoyote. Unapuliza tu pumzi yako. Ndiyo maana hata mjamzito hupimwa bila wasiwasi.

Kinachoifanya ifae kufuatilia matibabu ni hiki: steroidi ya kuvuta, dawa ya kutuliza uvimbe, yaani beklometasoni, budesonaidi, flutikasoni na nyingine za jamii hiyo, huishusha namba ndani ya siku chache hadi wiki chache. Ukiiacha dawa, namba hupanda tena. Salbutamoli, ile pampu ya bluu ya kufungua kifua, hailegezi uvimbe, kwa hiyo haiishushi. Mtu anayeishi kwa pampu ya bluu peke yake anaweza kujisikia nafuu kila akiivuta huku mirija ikizidi kuvimba, na FeNO yake ikabaki juu miezi yote.

Hatua ya 1: Maandalizi ya nyumbani

La kwanza, na wengi hulikosea kwa nia njema: usiache dawa yako ya kuzuia pumu, yaani hiyo steroidi ya kuvuta, kabla ya kipimo. Tunapofuatilia matibabu tunataka kuona hali yako ukiwa unatumia dawa. Vuta asubuhi kama kawaida yako, kisha mwambie mpimaji umevuta saa ngapi.

Usile wala kunywa chochote saa moja kabla ya kupuliza. Usivute sigara wala shisha, usinywe pombe, na usifanye mazoezi katika saa hiyo. Kama umepanda ngazi mbio au umetembea kwa haraka kutoka stendi, kaa kwanza upumzike.

Chakula kina mchango wake. Mboga za majani na mizizi yenye naitreti nyingi huongeza nitriki oksaidi kwenye pumzi kwa saa kadhaa, nasi tunazila sana: mchicha, spinachi, salata, bitiruti na juisi yake. Siku ya kipimo ziache mpaka umalize. Nimeona namba ya mtu aliyetoka kunywa glasi kubwa ya juisi ya bitiruti ikipanda kiasi cha kutia hofu, kumbe mirija yake haikuwa imebadilika hata kidogo.

Ukiwa na mafua au homa ya kifua, ahirisha. Virusi vya mafua hupandisha namba, na hupanda hata kwa mtu asiye na pumu. Subiri mpaka mafua yaishe, kisha ongeza wiki mbili au tatu.

Njoo na pampu zako zote, hata ile unayodhani imeisha, pamoja na spesa, kile chombo kinachowekwa kati ya pampu na mdomo, kama unayo. Usizitaje kwa rangi tu. Zilete zenyewe mezani.

Katika mwezi wa Ramadhani mambo mawili hugongana. Kufunga kunarahisisha sharti la kutokula, lakini wagonjwa wengine huacha pampu zote mchana kutwa na hatimaye mwezi mzima. Dawa nyingi za kuzuia huvutwa mara mbili kwa siku, na mara hizo zinaweza kuangukia baada ya kufuturu na wakati wa daku. Panga hivyo na daktari kabla mwezi haujaandama. Pampu ya kuokoa, ile ya bluu, usiiache hata siku moja: ukibanwa, vuta, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua.

Hatua ya 2: Kuandaa mashine

Hatua hii ni ya mpimaji. Mashine nyingi za mezani, kama NIOX VERO na NObreath, hutumia kihisi cha kikemikali, sehemu inayoipima gesi, ambacho kina umri na, katika baadhi ya mashine, idadi ya vipimo. Kabla ya kuanza siku, angalia kihisi hakijapitwa na tarehe na vipimo vilivyobaki vinatosha. Ni aibu kumwita mama na mtoto kutoka mbali, wakajinyima kula, halafu mashine ikakataa.

Iweke mbali na jiko la gesi, jenereta na barabara yenye magari mengi, maana moto na injini hutoa nitriki oksaidi hewani. Usiifute kwa spiriti wala kupulizia dawa ya alkoholi karibu nayo, maana kihisi huharibika. Wewe na mgonjwa mkipaka kitakasa mikono, subirini mikono ikauke kabisa ndipo muishike. Mijini pwani, ambako joto na unyevu ni vya mwaka mzima, chumba kiwe na kiyoyozi, na kijitabu cha mashine kikwambie mwisho wa joto na unyevu inaouvumilia.

Kichujio cha mdomoni ni cha mtu mmoja, kisha kinatupwa. Hapa sina msamaha. Kifua kikuu kipo kwetu, na kuokoa kichujio kimoja si sababu ya kumhatarisha mtu.

Namna rahisi ya kujua mashine inasoma sawasawa ni kuwa na mtumishi mmoja au wawili wazima, wasiovuta sigara, wasio na pumu wala mafua, ambao hupuliza mara kwa mara na namba zao zinajulikana. Mtumishi ambaye miezi yote anatoa 14, 16, 15, akitoa 40 asubuhi moja huku hana hata kikohozi, simamisha kazi uichunguze mashine kabla hujampima mgonjwa.

Kama siku hiyo kuna spirometri pia, FeNO itangulie. Kupuliza kwa nguvu kwenye spirometri hushusha nitriki oksaidi kwa muda, na namba itakudanganya.

Hatua ya 3: Maswali kabla ya kupuliza

Namba isiyo na maelezo pembeni yake haina kazi. Andika kwenye fomu: mgonjwa amekula nini na saa ngapi, anavuta sigara au la, ana mafua, anapiga chafya na kuwashwa pua, ametumia vidonge vya prednisoloni wiki za karibuni, dawa gani ya kuvuta na kiasi gani. Mtu mrefu huwa na namba ya juu kidogo kuliko mfupi, na wanaume kuliko wanawake. Mzio wa pua huipandisha. Sigara huishusha, kwa hiyo namba nzuri ya mvutaji sigara usiishangilie.

Kisha uliza kuhusu wiki 4 zilizopita. Dalili za mchana zilikuja zaidi ya mara mbili kwa wiki? Kuna usiku aliamka kwa kukohoa au kubanwa? Pampu ya kuokoa aliihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki? Kuna kazi au mchezo alioshindwa kwa sababu ya kifua? Majibu hayo manne yana uzito kuliko namba, nami huyaandika juu yake.

Mgonjwa akiingia akihema, hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, au mtoto mbavu zinaingia ndani kila akivuta hewa, acha habari ya FeNO. Mpe pampu ya kuokoa kwa spesa, mbonyezo mmoja mmoja, hadi 10, na apelekwe chumba cha dharura mara moja. Kipimo hiki ni cha siku za utulivu.

Hatua ya 4: Kupuliza

Kaa wima. Pua haibanwi kwa kibano. Toa pumzi yote nje, mbali na mashine. Kisha funga midomo vizuri kuzunguka kichujio, usiache mwanya pembeni, na uvute hewa kupitia mashine mpaka kifua kijae. Mashine huisafisha hewa hiyo, ndiyo maana lazima uivute kwa mdomo kupitia kichujio na si kwa pua. Usiishikilie pumzi. Mara kifua kikijaa, anza kupuliza, taratibu, kwa kasi ileile, kwa sekunde 10. Kwa mtoto asiyeweza, mashine nyingine zina mpangilio wa sekunde 6.

Kasi ndiyo roho ya kipimo. Kiwango kilichokubaliwa na vyama vya madaktari wa kifua vya Marekani na Ulaya mwaka 2005 ni mililita 50 kwa sekunde. Pumzi inapita kwenye mirija ikiokota gesi ukutani, kama maji ya moto yanavyopita kwenye chujio la majani ya chai: ukimimina haraka yanatoka mepesi, ukimimina taratibu yanatoka yamekolea. Mgonjwa akipuliza kwa nguvu atapata namba ya chini isiyo yake, akipuliza kwa unyonge atapata ya juu. Ndiyo maana mashine huonyesha kwenye skrini kama uko ndani ya kasi au umetoka, na ukitoka hukataa kipimo. Mtazame mgonjwa, nawe utazame skrini.

Utahisi mashine inakukinza kidogo. Ukinzani huo umewekwa makusudi: unaifanya kaakaa laini ya nyuma ya mdomo kupanda na kuziba njia ya pua. Puani na kwenye matundu ya uso kuna nitriki oksaidi nyingi mara kadhaa kuliko kifuani, na kidogo tu ikichanganyika, kipimo kimeharibika.

Makosa yanayojirudia ni yaleyale. Mtu anapuliza kama anazima mshumaa. Mwingine anajaza hewa mashavuni na kuisukuma kwa mashavu badala ya kifua. Mwingine, akifika sekunde ya 7, anaona pumzi inaisha na anaongeza nguvu ghafla ili amalize. Mwambie: "Usikimbilie mwisho, nenda mwendo uleule, pumzi unayo." Kwa watoto, mashine nyingine zina picha inayosogea wanavyopuliza, na mtoto wa miaka 7 akishaelewa mchezo huwa bora kuliko babu yake. Wengi wa chini ya miaka 5 hawawezi, msiwalazimishe.

Baada ya dakika moja hivi, namba inatoka. Kwa utafiti huchukuliwa vipimo viwili vinavyokaribiana kwa asilimia 10. Kwa kliniki, mashine nyingi ndogo huridhika na kimoja kilichopulizwa sawasawa. Mgonjwa akishindwa mara kadhaa, mpumzishe, mpe siku nyingine. Kumchosha hakusaidii.

Hatua ya 5: Kuisoma namba

Chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2011 ambao bado ndio unaotumika sana. Kwa mtu mzima, chini ya 25 ni ya chini, juu ya 50 ni ya juu. Kwa mtoto wa chini ya miaka 12, chini ya 20 ni ya chini, juu ya 35 ni ya juu. Katikati ni eneo la kufikiri, na dalili ndizo zinazoamua.

Uingereza, ambako Waswahili wengi hupimwa kwenye zahanati za mtaa, mwongozo wa taifa wa mwaka 2024 unatumia 50 kwa mtu mzima na 35 kwa mtoto pale daktari anapotafuta kuthibitisha pumu. Mwongozo huohuo unapendekeza FeNO ifikiriwe kwa watu wazima wakati wa ukaguzi wa kawaida, na kabla na baada ya kubadilisha dawa. Ukiishi huko na hujawahi kuulizwa, uliza.

Kwa anayefuatiliwa, mipaka hiyo ina nafasi ya pili. Namba ya maana ni ile yako ya siku ulipokuwa mzima, unatumia dawa vizuri, huna mafua. Iandike kwenye daftari lako la kliniki pamoja na tarehe. Kuna watu ambao uzima wao ni 18 na wengine ambao uzima wao ni 38, na wote wanaendelea vizuri na shughuli zao.

Hatua ya 6: Namba ikiwa juu, anza na mkono wa mgonjwa

Hapa ndipo naomba kila mtabibu atulie. FeNO ya juu kwa mtu aliyeandikiwa steroidi ya kuvuta, mara nyingi sana, inasema dawa haifiki kwenye mirija. Ama haivutwi, ama inavutwa vibaya. Kuongeza dozi ya dawa isiyofika ni kupoteza pesa ya mgonjwa.

Kwa hiyo uliza kwa heshima, bila kumkaripia. "Shikamoo mzee. Hii pampu ya kahawia ya kuzuia, kwa wiki huwa inakupita siku ngapi?" Swali la namna hiyo limeshakubali kwamba siku nyingine hupita, na mzee hujibu kweli. Ukimuuliza "Unatumia dawa?", atasema "Natumia", na mazungumzo yameishia hapo.

Kisha mpe pampu yake mkononi na umwambie akuonyeshe. Usimwelekeze kwanza. Mtazame. Je, ameitikisa? Ametoa pumzi kabla? Midomo imefunga? Alipobonyeza, alikuwa ameshaanza kuvuta taratibu, au alibonyeza kwanza na kuvuta baadaye? Ukiona wingu jeupe linatoka pembeni mwa mdomo au puani, dawa ile imeishia hewani na kooni. Baada ya kuvuta kwa sekunde 4 au 5, alishikilia pumzi kwa sekunde 10 hivi, au aliitoa papo hapo? Alisubiri nusu dakika kabla ya mbonyezo wa pili? Alisukutua na kutema? Asiposukutua atapata utando mweupe mdomoni na kukauka sauti, na ataichukia dawa.

Pampu za unga ni kinyume chake: hazitikiswi, na huvutwa kwa nguvu na kwa haraka. Mgonjwa mwenye za aina mbili huchanganya, na lawama hapo ni ya aliyemwandikia bila kumfundisha.

Kisha hesabu. Kopo la mibonyezo 200, kwa mtu wa mibonyezo 2 asubuhi na 2 jioni, linaisha siku ya 50. Mgonjwa aliyelinunua Januari na bado analo Mei analitumia nusu, au linatoa gesi tupu. Kopo lililoisha dawa huendelea kutoa mvuke, na kulitikisa sikioni hakukwambii lolote. Lisilo na kaunta, andika tarehe ya kulianza kwa kalamu juu yake.

Spesa husaidia karibu kila mtu, mtoto kwa mkubwa. Bei ikiwa kikwazo, chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pampu na pembeni kuzibwa hewa isipite, inafanya kazi. Heather Zar na wenzake wa Cape Town waliijaribu kwa watoto waliobanwa na pumu na kuchapisha matokeo mwaka 1999: ile chupa iliyozibwa vizuri ilifungua vifua sawa na spesa ya dukani.

Dawa ikishathibitika inafika na namba bado iko juu, tazama anachovuta nyumbani na kazini: kombamwiko, paka, vumbi la godoro, vumbi la unga kwa mwoka mikate. Tibu mzio wa pua kama upo. Hapo ndipo daktari afikirie kupandisha dozi.

Palipo na mashaka kama dawa inavutwa kweli, kuna jaribio zuri lililofanywa Belfast na kuchapishwa mwaka 2012. Mgonjwa anavuta steroidi mbele ya macho ya mtu au kwa pampu yenye kifaa cha kurekodi kwa siku 7, na FeNO inapimwa siku hizo. Ikishuka kwa kishindo, tatizo lilikuwa kutokuvuta. Isiposhuka, una mgonjwa wa pumu sugu ya kweli, na bingwa ahusike. Kwa wagonjwa hao wanaobaki na dalili licha ya dozi kubwa, FeNO ya 20 tu na kuendelea inahesabiwa kuwa dalili ya uvimbe wa aina hii. Sindano za kisasa nazo hutofautiana: dupilumab huishusha FeNO, mepolizumab haiigusi sana hata inapomsaidia mgonjwa.

Hatua ya 7: Kulinganisha ya jana na ya leo

Baada ya kubadilisha dawa au kurekebisha uvutaji, mimi hupenda kupima tena baada ya wiki 6 hadi 8, muda uleule wa siku na kwa mashine ileile. Mashine mbili tofauti hazitoi namba zinazolingana kikamilifu.

Mwongozo wa 2011 una kanuni rahisi. Kama namba ya kwanza ilikuwa juu ya 50, badiliko la maana ni la asilimia 20 au zaidi. Kama ilikuwa chini ya 50, badiliko la maana ni la zaidi ya ppb 10. Tuseme mama alikuwa 62 na sasa ni 45. Imepungua 17, sawa na asilimia 27. Dawa inafanya kazi, aendelee. Mtoto alikuwa 38 na sasa ni 31. Imepungua 7 tu, ambayo inaweza kuwa mchezo wa kawaida wa siku hadi siku, kwa hiyo usimwambie mzazi kwamba mambo yamegeuka.

Kupanda nako kusomwe kwa kanuni hiyohiyo. Mtu mwenye 22 anayejisikia vizuri, akirudi na 41, muulize pampu iliisha lini. Mara nyingi utakuta iliisha, na hela ya nyingine haijapatikana.

Namba ya chini

Ya chini, na majibu manne ya wiki 4 ni mazuri: dawa inafanya kazi. Haimaanishi umepona. Iko chini kwa sababu unavuta. Kupunguza dozi ni uamuzi wa daktari, baada ya miezi 2 au 3 ya utulivu, kwa kushuka ngazi moja na kupima tena. Ukiacha mwenyewe, uvimbe hurudi kimya kimya, na mafua ya kwanza ya msimu yatakupeleka hospitali.

Ya chini, lakini mgonjwa anabanwa na kukohoa: usimwongezee steroidi kwa mazoea. Anavuta sigara? Ni mama aliyepika kwa kuni miaka mingi, na mapafu yamechoka kwa moshi? Ni moyo? Amekohoa wiki 2 na zaidi, anatoka jasho usiku, amekonda? Makohozi yapimwe kifua kikuu kabla ya jambo lingine. Na ipo pumu isiyo ya eosinofili, ambayo FeNO haiioni kabisa, hivyo namba ya chini haimvui mtu ugonjwa wake. Kipimo cha damu cha eosinofili husaidia, ila kwetu minyoo na kichocho huzipandisha pia, kwa hiyo usizisome peke yake.

Tafiti zilizokusanywa zinaonyesha kwamba kupanga dozi kwa kuitazama FeNO hupunguza mashambulizi ya pumu, ingawa dalili za kila siku hazibadiliki sana. Kwa wajawazito, utafiti wa Newcastle, Australia, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta mashambulizi yamepungua kwa karibu nusu kwa waliofuatiliwa kwa namba hii. Mjamzito mwenye pumu asiache pampu yake ya steroidi. Shambulio ndilo linalomtishia mtoto tumboni.

Pale mashine haipo

Mashine hizi hazipo kila hospitali, na vihisi na vichujio vyake ni ghali. Usikae ukiingoja. Steroidi ya kuvuta iliyoandikwa vizuri na kuvutwa vizuri inatibu pumu bila namba yoyote ya FeNO.

Pata pikifulo, kibomba chenye mshale kinachouzwa kwenye maduka makubwa ya dawa. Simama, rudisha mshale kwenye sifuri, vuta pumzi ijae, funga midomo, piga pumzi moja ya nguvu na ya ghafla. Hapa nguvu ndiyo inayotakiwa, tofauti na FeNO. Rudia mara 3, andika kubwa kuliko zote. Fanya asubuhi kabla ya pampu na jioni, kwa wiki 2 ukiwa mzima, upate kilele chako. Ukiwa kati ya asilimia 80 na 100 ya kilele hicho, endelea na shughuli. Kati ya 50 na 80, fuata maelekezo ya daktari ya kuongeza dawa na umpigie. Chini ya 50, vuta pampu ya kuokoa na uondoke kwenda hospitali sasa hivi, usingoje kupambazuke.

Katika daftari hilohilo, mbele ya kila tarehe, andika safu tatu: pikifulo, idadi ya mibonyezo ya pampu ya kuokoa, na kama uliamka usiku. Siku utakayopata mashine ya FeNO, safu ya nne itakuwa inakungoja.